Colombey-les-Deux-Églises: kuna nini cha kutazama?

Swali: Wakuu, nitapita katika kijiji hiki cha wakulima, mashariki mwa Ufaransa. Mbali na nyumba ya Jenerali de Gaulle, rais wa zamani wa Ufaransa, nitazame nini?

Jibu la 1: Usikose Msalaba wa Lorraine, mnara wa kumkumbuka de Gaulle, uliozinduliwa mwaka 1972 kilimani, wenye urefu wa mita 44 na ushei, unaoonekana toka mbali juu ya mashamba na misitu.

Jibu la 2: Kwangu mimi, kaburi la de Gaulle linaupita msalaba huo: liko uani mwa kanisa, limeandikwa jina na miaka 1890–1970 tu, bila cheo chochote, naye amelazwa pamoja na binti yake Anne, aliyefariki mwaka 1948.

Muulizaji: Na nyumba yenyewe, wageni huruhusiwa kuingia?

Jibu la 2: Ndiyo, vyumba vya chini. Aliinunua mwaka 1934, na humo ndimo alimofariki Novemba 1970, akicheza karata peke yake.