Mjadala: Kuni za mlimani ziende kwenye mtambo wa umeme, au zibaki jikoni?

Habarini wadau. Tangu Jumapili nabishana na shemeji yangu, fundi wa boila, na hakuna aliyemshinda mwenzake. Nauleta ubishi huu hapa kwa sababu ni wa nchi nzima, si wa sebuleni kwetu Pasua, hapa Moshi.

Shemeji anasema hivi: Tanzania ina misitu na mapori hekta milioni 48 na ushee, zaidi ya nusu ya ardhi ya bara. Serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, kaya nyingi mno bado zilikuwa kwenye kuni na mkaa. Kwa hiyo tuache kuionea aibu miti, tuifanye chanzo rasmi cha nishati ya taifa. Yale mashamba ya miti ya serikali, West Kilimanjaro, Rongai na Meru, yapandwe miti ya kuchoma, mitambo ijengwe, umeme uingie kwenye gridi. Na mifano anayo. TANWAT, kampuni ya mashamba ya miti kule Njombe, walianza zamani kuzalisha umeme kwa kuni za miwati. Hapa hapa kwetu, kiwanda cha sukari cha TPC wanachoma makapi ya miwa na umeme unaobaki wanaiuzia TANESCO.

Mimi nakubaliana naye nusu ya njia. Kuni zipewe nafasi halali kwenye mipango ya taifa, lakini nafasi yake ni kutoa joto. Mtambo wa umeme wa kukatiwa miti tusijenge.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutapigizana kelele tu. Kilo moja ya kuni kavu ina joto la kama yuniti 4, yuniti hizi hizi za LUKU. Mtambo mdogo wa mvuke ukiichoma, unapata yuniti moja ya umeme. Zile tatu zinapotea na mvuke na moshi. Sasa chukua mtambo wa megawati 20, mdogo kabisa ukiulinganisha na bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Ukiwaka usiku na mchana unakula tani 480 kwa siku. Hizo ni Fuso 48 za tani kumi, yaani Fuso moja kila nusu saa, usiku, Pasaka na Krismasi, kwenye hii hii barabara ya Moshi–Arusha ambayo Desemba haipitiki. Kwa mwaka ni tani 175,000. Hata tukilipatia shamba la milingoti (mikaratusi) sifa zake zote, tuseme tani 10 za kuni kavu kwa hekta kila mwaka, unahitaji hekta 17,500 za kuulisha mtambo mmoja. Nani atazitoa, na kwa kumhamisha nani? Milima yetu hii miwili, Kilimanjaro na Meru, haina ardhi inayokaa bure. Juu ni hifadhi, katikati ni migomba na kahawa, chini ni mahindi, miwa na mifugo.

Hapo shemeji alinishika, na nitaisema hoja yake vizuri kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Alisema: "Wewe unalia kupotea kwa robo tatu ya joto. Mafiga matatu yanapoteza kiasi gani?" Kweli. Kuchemsha maharage kwenye mafiga unaweza kumaliza kilo tatu za kuni. Jiko la presha la umeme linayaivisha kwa nusu yuniti, yaani nusu kilo ya kuni iliyopitia mtamboni. Kwa maharage, mtambo unashinda mafiga mara sita. Sikuwa na jibu usiku ule.

Jibu nililipata kwa mama mdogo, Uru, siku ya kupika mbege, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zimemenywa tangu asubuhi, pipa la lita 200 lipo juu ya mawe, kuni za mgrevilea zimepasuliwa na kuegemezwa ukutani. Mama mdogo haangalii saa. Anaangalia rangi ya povu, anakoroga, anasukuma kuni ndani kwa mguu, anarudi kuchekecha ulezi. Nilimwuliza kama angekubali kupikia umeme. Akaniuliza, "Utanilipia wewe?" Nikapiga hesabu palepale: kulifikisha tu lile pipa kwenye kuchemka kunataka yuniti zisizopungua 17, bado saa za kuendelea kuiva. Kwa jiko banifu la matofali, linaloingiza theluthi ya joto kwenye pipa, kazi ileile ni kama kilo 13 za kuni. Ukizipitisha mtamboni kwanza ni kilo 17, na hapo sijahesabu umeme unaopotea kwenye nyaya. Kumbe mtambo hauokoi chochote penye kazi kubwa ya joto. Ulichokuwa unakiokoa kwenye maharage ni ubaya wa mafiga, na mafiga yanabadilishwa kwa matofali, udongo na fundi wa siku moja.

Na kwa hayo maharage, umeme wa jiko la presha si lazima utoke kwenye mti. Bwawa limeshajengwa. Kinachomzuia mama wa Uru ni waya kukatika mvua ikinyesha, bei ya jiko, na bei ya yuniti. Mtambo wa kuni hauondoi hata kimoja.

Kuna watu watasema wenzetu Ulaya wanafanya. Ni kweli, Uingereza kituo cha Drax kilikuwa kinachoma makaa ya mawe, sasa kinachoma chembechembe za mbao zilizoshindiliwa, na nyingi zinavuka bahari kutoka Marekani na Kanada. Kwenye vitabu vyao moshi wa bomba lile unahesabiwa sifuri, kwa maelezo kwamba mti utaota tena. Utaota, ndiyo, kwa miaka 20 au 40, na moshi wake uko angani leo. Mradi wenyewe unasimama kwa ruzuku, na mwaka 2025 serikali yao ilitangaza kuikata kwa karibu nusu kuanzia 2027. Sisi ruzuku ya namna hiyo tutaitoa wapi?

Tofauti ya TPC na mtambo wa shemeji ni kwamba makapi ya miwa yapo pale kiwandani tayari. Hakuna aliyelima muwa ili auchome. Hiyo kanuni naikubali kwa moyo wote. Nyuma ya karakana moja ya mbao karibu na kwetu kuna lundo la maranda linalofika kiunoni. Kila mwisho wa wiki wanalichoma kupata nafasi, linafuka siku tatu, na watoto wa mtaa mzima wanakohoa. Jirani yao, mita hamsini tu, ananunua mkaa kwa kisado. Mabanzi na maranda ya viwanda vyote vya mbao kuanzia Sanya Juu hadi Usa River yangeweza kukausha mbao, kuchoma matofali na kuwa mkaa mbadala bila kukata hata mche mmoja.

Kwa mkaa wa porini nipo mkali zaidi. Tanuri la udongo la kawaida linahitaji kilo tano mpaka kumi za mti kutoa kilo moja ya mkaa. Gunia ninaloletewa mimi linatoka upande wa Handeni, kwa hiyo tusijidanganye kwamba mlima umetunzwa kwa sababu sisi tumestaarabika. Tumehamishia shoka kwa wengine. Lakini hata huko ipo njia. Vijiji vya Kilosa viligawa misitu yao vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavuna kimoja na kuruka kingine, visiki vinaachwa vichipue, na ushuru unajenga madarasa. Hilo ni bora kuliko katazo linaloishia kupandisha bei ya gunia.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu ya kwanza.

Aliyeandika kwamba natetea umaskini na moshi machoni mwa akina mama: dada, nakuelewa, mama yangu mzazi amepoteza uwezo wa kuona vizuri na siwezi kusema mafiga hayahusiki. Lengo la asilimia 80 kufika nishati safi ifikapo 2034 naliunga mkono. Agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa nalo ni zuri, kwa sababu shule inaweza kununua gesi kwa jumla. Ninaowazungumzia ni wale watakaobaki kwenye kuni hata mwaka huo ukifika. Hao wanahitaji jiko lenye bomba la moshi na mti wa kwao wa kukata.

Na kaka wa Usa River aliyesema mitambo ingempa mkulima soko la milingoti yake: soko lipo leo, kinachokosekana ni ruhusa. Ule ukanda wa msitu wa upana wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kandokando ya msitu wa Kilimanjaro ulikusudiwa kuwapa wenyeji kuni na mbao zao. Leo hata mgrevilea nilioupanda mwenyewe kivulini kwa kahawa unataka barua, muhuri na safari za wilayani. Mwaka jana nilifukuzia kibali cha miti miwili mpaka mmoja ukaanguka wenyewe juu ya migomba. Nani atapanda kuni kwa masharti hayo?

Kwa hiyo naomba majibu ya wenye mashamba, Machame, Kibosho, Marangu na huko Meru: mara ya mwisho ulipoomba kukata mti wako mwenyewe, ulisubiri siku ngapi, na ulilipia vitu vingapi?