Dawa ya methotrekseti kwa baridi yabisi: ishuke hadi kituo cha afya au ibaki hospitali ya rufaa?

Wakuu, mama mdogo wangu yuko Makete. Miaka minne alimeza diklofenaki ya duka la dawa, maana kila mtu, hata sisi wanawe, tulisema ni baridi ya Kitulo tu. Leo vidole vyake vimelalia upande.

Baridi inaweza kuongeza maumivu, lakini baridi yabisi, ugonjwa alio nao, hailetwi nayo. Kinga ya mwili inaugeukia utando wa kiungo na kumwaga protini za kupashana habari, zikiwemo TNF na intalukini-6. Seli za utando zikipata ujumbe huo huachia vimeng'enya vya kukata kolajeni, nyuzi zinazoshikilia gegedu (ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa), na gegedu linaliwa kimyakimya kama mahindi ghalani yaliyoingiwa na dumuzi. Diklofenaki inazuia kimeng'enya kingine kabisa, kile kinachotengeneza prostaglandini za maumivu. Unapata nafuu, unarudi shambani, na kiungo kinazidi kuliwa! Methotrekseti inaituliza kinga yenyewe, na ikiwahi inaokoa viungo. (Sindano za kuzuia TNF, ambazo watafiti Ravinder Maini na Marc Feldmann walizijaribu kwa wagonjwa London mwaka 1992, ni ghali mno, tena zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala.)

Hoja yangu: daktari wa rufaa aianzishe methotrekseti, kisha mgonjwa aichukulie na kupimiwa damu kituo cha jirani.

Mchangiaji, Iringa: Mkuu, napinga. Dawa hii humezwa mara moja kwa WIKI. Mtu akimeza kila siku uboho unadhoofika, anaweza kufa. Nimefanya kazi zahanati, foleni naijua, hakuna wa kukaa na mgonjwa amweleze. Halafu inaharibu mimba, na wanaougua zaidi ni wanawake.

Mleta mada: La mimba nalipokea, nilipaswa kulitanguliza. Asipewe mjamzito, na aliye katika umri wa kuzaa apewe uzazi wa mpango kwanza. La kukosea siku, dozi za mwezi zifungwe bahasha nne, kila moja imeandikwa "Jumapili". Vituo hivihivi vinawafuatilia watu wa ARV na wa kifua kikuu miaka yote, kwa foleni hiyohiyo. Mama mdogo nauli ya kwenda rufaa Mbeya anaitoa kwenye viazi. Viazi visipouzika, mwezi huo hamezi kitu.

Walioko Njombe na Mafinga, ninyi mnaichukulia wapi?