Wajukuu wa Bumbuli: usiku wa Basel

Jumamosi, 17 Mei 2025

21:48 Mama Neema (Biel): Shikamoo Baba. Shikamoo dada Tatu. Hamjambo wengine wote. Leo Neema amekataa kulala na mimi nimemwacha. Fainali ya Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ambapo kila nchi ya Ulaya inapeleka wimbo wake, iko hapa Uswisi, mji wa Basel, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka hapa kwetu. Nitakuwa nawaletea habari humu, anayesinzia asijilazimishe.

21:50 Dada Tatu (Tanga): Marahaba mdogo wangu. Tupo.

21:52 Wifi Furaha (Lubumbashi): Jambo yenu bote! Mimi pia naangalia. Saa zetu na za kwenu ni sawasawa sasa, wifi.

21:55 Babu (Bumbuli): Marahaba mwanangu. Swali moja kabla sijalala. Uliniambia huko mna lugha nne. Sasa anayepeleka wimbo kwa niaba ya taifa zima anaimba kwa lugha ya nani?

22:01 Mama Neema (Biel): Baba umegusa penyewe. Lugha za taifa ni nne: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Zote zimeandikwa kwenye noti, hata hii ya faranga 10 niliyo nayo hapa mezani jina la benki kuu liko mara nne. Lakini wanaozungumza Kijerumani ni zaidi ya nusu ya nchi, na Kiromanshi hawafiki hata mtu mmoja katika kila mia. Leo mwimbaji wa Uswisi, Zoë Më, anaimba Kifaransa. Amezaliwa Basel, kwenye Kijerumani, ila kwao sasa ni Fribourg ambako lugha hizo mbili zinaishi pamoja.

22:03 Dada Tatu (Tanga): Kwa hiyo wanapokezana. Mwaka huu hawa, mwakani wale.

22:09 Mama Neema (Biel): Hakuna zamu dada. Na hilo ndilo lililonishangaza nilipoanza kufuatilia. Mashindano haya yalianzia hapa hapa Uswisi, mji wa Lugano, tarehe 24 Mei 1956. Lugano ni upande wa Kiitaliano. Aliyeshinda ni Lys Assia, mwanamke wa jimbo la Aargau, upande wa Kijerumani. Na wimbo alioshinda nao ni wa Kifaransa! Usiku ule kila nchi ilipeleka nyimbo mbili, yeye akaimba zote mbili za Uswisi, moja Kijerumani moja Kifaransa. Siku ya kwanza tu, lugha tatu zimeshaingia kwenye habari moja.

22:11 Baba Imani (Dar): Nimeipata YouTube, inaonekana vizuri. Jukwaa la hawa watu si mchezo.

22:12 Mama Neema (Biel): Ukumbi unaitwa St. Jakobshalle. Baba, utapenda hii: Novemba iliyopita wananchi wa Basel walipiga kura ya maoni kama wakubali kutoa takribani faranga milioni 35 za shughuli hii. Kuna chama kilipinga kikakusanya saini. Watu wakaenda kwenye masanduku, thuluthi mbili wakasema ndiyo.

22:14 Babu (Bumbuli): Kuulizwa kabla hela haijatoka ni heshima. Mimi nalala. Andikeni, nitasoma alfajiri.

22:15 Mama Neema (Biel): Lala salama Baba.

22:31 Wifi Furaha (Lubumbashi): Wifi, na Céline Dion? Huku kila mtu anasema aliimbia Uswisi. Yeye si wa Canada?

22:37 Mama Neema (Biel): Ni kweli kabisa. 1988, Dublin. Hakuna sharti kwamba mwimbaji awe raia. Yeye ni wa Québec, muziki ulitungwa na Atilla Şereftuğ, mzaliwa wa Uturuki, na maneno ya Kifaransa yakaandikwa na Nella Martinetti, mama wa Ticino ambaye lugha ya kwao ni Kiitaliano. Wakaishinda Uingereza kwa pointi moja. 137 kwa 136. Mimi nikisikia mtu hapa Biel anasema wageni hawawezi kuibeba nchi hii, namtajia wimbo ule.

22:39 Wifi Furaha (Lubumbashi): Aaah! Sikujua ya Mturuki. Kwetu Kongo pia lugha za taifa ni nne, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na juu yake Kifaransa. Lakini ukitaka wimbo ufike nchi nzima, watu wanaenda kwa Kilingala. Hata mimi wa Lubumbashi naimba Kilingala kuliko ninavyokisema.

22:44 Baba Imani (Dar): Ndiyo hoja yangu hiyo. Muziki unafuata soko. Dada, mwaka jana mlishinda kwa lugha gani? Kiingereza. Ambacho hata si mojawapo ya hizo nne.

22:52 Mama Neema (Biel): Nemo ni wa mji wetu huu huu wa Biel, kaka, usinichokoze. Ni kweli wimbo ulikuwa wa Kiingereza. Pointi 591, Malmö, baada ya miaka 36 bila ushindi. Tulipiga kelele mpaka jirani wa juu akashuka, akaishia kukaa na sisi.

Lakini sikiliza. Zamani kulikuwa na kanuni: kuanzia 1966 hadi 1972, halafu tena 1977 hadi 1998, kila nchi ilitakiwa kuimba kwa lugha yake. Kwa Uswisi maana yake ni kuchagua moja kati ya nne. Kulikuwa na kundi la watu watatu kutoka Bern, Peter, Sue & Marc. Waliiwakilisha nchi mara nne kwa lugha nne tofauti: 1971 Kifaransa, 1976 Kiingereza kwa sababu miaka ile kanuni ilikuwa imelegezwa, 1979 Kijerumani, 1981 Kiitaliano. Watu walewale watatu!

Tangu 1999 kila mtu anaimba anachotaka. Na unajua kilichotokea? Kijerumani, lugha ya wengi, hakijapelekwa tena hata mara moja. Wimbo wa mwisho wa Kijerumani ulikuwa 1998 na ulipata sufuri. Wenye lugha kubwa ndio waliohamia Kiingereza. Wanaozungumza Kifaransa bado wanarudi kwenye chao. Gjon's Tears alishika namba tatu 2021 kwa Kifaransa, naye wazazi wake asili yao ni Kosovo na Albania.

22:54 Dada Tatu (Tanga): Yaani mwenye shamba kubwa ndiye aliyeacha kulima.

22:55 Mama Neema (Biel): Umesema dada.

22:57 Baba Imani (Dar): Haya, huo wimbo wa 1976 wa Kiingereza uliitwaje? Nautafuta hapa.

22:58 Mama Neema (Biel): "Djambo, Djambo". Namba nne mwaka ule.

22:58 Wifi Furaha (Lubumbashi): Djambo??

22:59 Mama Neema (Biel): Ni jina la mtu ndani ya wimbo, si salamu yetu. Lakini Neema alipouona kwenye orodha alikimbia jikoni kuniita, "Mama, wameimba Kiswahili!" Nilisikitika kumwambia siyo.

23:20 Dada Tatu (Tanga): Sisi wa huku tunaruhusiwa kupiga kura?

23:23 Mama Neema (Biel): Mnaruhusiwa! Tangu 2023. Nchi zisizoshiriki zinapiga kwa mtandao, kwa kadi ya benki, na kura zenu zote duniani zinahesabiwa kama nchi moja. Mwaka huu wa 2025 mtu mmoja mwisho kura 20. Mimi niliyeko hapa ndiye nisiyeweza kuipigia Uswisi, hakuna anayeruhusiwa kuipigia nchi aliyomo.

23:24 Baba Imani (Dar): Basi nitampigia mimi kwa niaba ya mpwa wangu.

23:47 Mama Neema (Biel): NDIYE HUYU SASA. Namba 19.

23:51 Mama Neema (Biel): Peke yake jukwaani. Sauti ndogo, haipigi kelele. Neema amenishika mkono wakati wote.

23:52 Wifi Furaha (Lubumbashi): Nimesikia kila neno. Anaimba kama anaongea na mtu mmoja tu.

23:54 Baba Imani (Dar): Mimi Kifaransa sijui hata cha kuombea maji, lakini nimesimama. Nimepiga kura tano.

Jumapili, 18 Mei 2025

00:20 Dada Tatu (Tanga): Na hao wa Kiromanshi hawajawahi kupewa nafasi?

00:34 Mama Neema (Biel): Mara moja tu dada. 1989. Kwa kuwa Céline alikuwa ameshinda, mashindano yalikuja Lausanne, na mwaka huo, nyumbani, Uswisi ikapeleka kundi la Furbaz wakaimba Kiromanshi. "Viver senza tei", kuishi bila wewe. Walishika namba 13 kati ya nchi 22. Hawajarudi tena kwa lugha hiyo.

Ngoja niwaambie kwa nini nalijua hili. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna mama mmoja wa Surselva, milimani kule Graubünden. Yupo Biel tangu ameolewa. Kijerumani anajua, Kifaransa anajua, lakini akiwa peke yake anaongea na dirisha kwa Kiromanshi. Nilijifunza kumsalimia, "bien di" asubuhi na "buna notg" usiku. Ile "tg" ilinichukua wiki mbili, ananishika kidevu ananionyesha ulimi unakaa wapi.

Siku moja nikamtafutia ule wimbo wa 1989. Nikaweka simu mezani kando ya kikombe chake cha chai. Kidole chake kimoja kikaanza kugonga sahani ya kikombe, taratibu, halafu akaimba. Maneno yote. Mimi nilikuwa na dawa za mtu mwingine mkononi, nikasimama nazo hapo mpaka wimbo ukaisha.

Akaniambia usiku ule wa 1989 mume wake, ambaye hakuwahi kujifunza Kiromanshi, alimgeukia akamuuliza, "Wanasema nini?" Kwa miaka yote ya ndoa yeye ndiye aliyekuwa akiuliza hivyo kwa watu wa mume wake.

00:36 Dada Tatu (Tanga): Subhanallah.

00:41 Wifi Furaha (Lubumbashi): Wifi umeniliza. Huku kwetu bibi yangu mzaa mama ni hivyo hivyo kwa Kihemba chake. Watoto wote tunamjibu Kiswahili.

00:45 Baba Imani (Dar): Mimi Imani wangu hajui neno la Kisambaa. Kosa ni langu, si lake. Kila nikienda Bumbuli namwambia "msalimie Babu" na Babu anamjibu Kiswahili ili asimwaibishe.

01:32 Mama Neema (Biel): Pointi za majaji zinaendelea. Uswisi iko juu juu!! Neema anaandika kwenye daftari.

01:46 Mama Neema (Biel): Majaji wamemaliza. Uswisi ya PILI. Pointi 214. Mbele yetu ni Austria peke yake.

01:46 Baba Imani (Dar): Kifaransa hicho! Nafuta maneno yangu ya saa ile.

01:53 Mama Neema (Biel): Sufuri.

01:53 Dada Tatu (Tanga): Sufuri nini?

01:55 Mama Neema (Biel): Kura za watu. Wametangaza mbele ya ukumbi mzima, mjini kwake alikozaliwa. Sufuri.

01:55 Wifi Furaha (Lubumbashi): Haiwezekani.

01:56 Baba Imani (Dar): Na zangu tano?

02:01 Mama Neema (Biel): Zako zilihesabiwa kaka. Sufuri haina maana kwamba hakuna aliyempigia. Kila nchi inatoa pointi kwa nyimbo kumi za juu tu. Ukiwa wa kumi na moja kila mahali, umependwa kila mahali na hupati kitu. Uingereza nao wamepata sufuri ya watu. Uswisi imeishia namba kumi kati ya 26. Austria imeshinda, kijana anaitwa JJ, pointi 436, kwa Kiingereza. Neema analia, nampa simu.

02:04 Mama Neema (Biel): ni mimi neema. mjomba asante kwa kura. kwa nini hawakumpenda?

02:07 Baba Imani (Dar): Mpwa wangu, mimi nilimpenda na niko Mbagala. Furaha wa Lubumbashi kampenda. Futa machozi. Nitajie wimbo wake kesho nimwekee Imani.

02:08 Dada Tatu (Tanga): Neema mwanangu, ulimtazama uso wake walipotaja sufuri?

02:09 Mama Neema (Biel): ndiyo mama mkubwa. alitabasamu. watu wa ukumbini walimshangilia sana.

02:10 Dada Tatu (Tanga): Basi na wewe mshangilie ukalale.

02:12 Mama Neema (Biel): Amelala kwenye kochi na daftari. Na mimi saa moja asubuhi nipo zamu. Usiku mwema nyote.

05:36 Babu (Bumbuli): Nimesoma yote. Imani aje likizo ya Juni, asije na salamu ya Kiswahili kwangu tena, nitamfundisha mwenyewe, hakuna aibu. Mama Neema, huyo mama wa milimani, kwao wanafuga au wanalima?

13:18 Mama Neema (Biel): Shikamoo Baba. Nimemuuliza leo. Ng'ombe. Kwao kila kiangazi wanawapandisha juu kwenye malisho na wanatengeneza jibini hukohuko. Baba yake alikuwa na ng'ombe wanane na kila mmoja na jina lake.

13:25 Babu (Bumbuli): Marahaba. Msalimie kwa lugha yake. Mwambie na huku kuna milima, na ng'ombe wangu wawili, na muulize majina ya wale wanane.