Kimbunga au kufuli: nini kiliangusha duka la Karnofsky?

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu kwa wote mnaopita hapa.

Nafungua mjadala huu kwa sababu kila linapotajwa duka la Karnofsky, watu hulifunga kwa neno moja: kimbunga. Mimi neno hilo silikubali, na nitaeleza kwa nini. Anayepinga aje na hoja yake, tuko pamoja.

Kwa asiyelijua: lilikuwa jengo la matofali la ghorofa mbili, namba 427 Mtaa wa South Rampart, New Orleans, Marekani. Chini duka la mafundi cherehani, juu wanakaa wenyewe, familia ya Kiyahudi iliyohamia kutoka Lithuania. Tarehe 29 Agosti 2021 kimbunga Ida kilipiga pwani ya Louisiana kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa. Kulipokucha, pale 427 palikuwa na lundo la matofali.

Familia hiyo ndiyo iliyomshika mkono Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji mashuhuri wa jazi. Alizaliwa 1901, mama yake hana kitu, baba ameondoka. Akiwa bado mtoto wa miaka saba hivi alianza kufanya kazi na vijana wa Karnofsky: asubuhi gari la farasi la kukusanya matambara, chupa na chuma chakavu, usiku kuuza makaa ya mawe. Kwenye gari alipewa pembe ya bati apulize, ili watoto wa mitaani wasikie na walete chupa zao. Akapuliza mpaka pembe ile ikawa inatoa nyimbo. Siku moja akaona koneti kuukuu, yaani tarumbeta fupi, kwenye duka la rehani, bei dola 5. Hakuwa nazo. Morris Karnofsky akamtangulizia dola 2 za mshahara, zilizobaki akalipa senti 50 kila wiki. Jioni mama wa familia ile alimweka mezani ale pamoja nao, naye Louis akaimba pamoja nao wimbo wa kumbembeleza mtoto alale. Haya aliyaandika mwenyewe mwaka 1969, akiwa mgonjwa hospitalini New York, miaka miwili kabla hajafa. Shingoni alivaa nyota ya Daudi, alama ya Wayahudi.

Baadaye Morris alifungua duka la santuri. Kwa hiyo tunazungumzia familia ambayo iliwahi kuwa na cherehani, sufuria za chakula, kisha muziki wenyewe ukiuzwa dirishani.

Sasa nije kwenye kufuli.

Jengo hili liliingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 2002. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani limepata mlinzi. Hapana. Kwa sheria ya Marekani, kuwamo kwenye orodha ile hakumlazimishi mwenye mali binafsi kuziba hata tundu moja la paa. Akitaka kukarabati jengo la biashara anapunguziwa kodi kwa asilimia 20 ya gharama. Asipotaka, basi. Jengo linabaki na heshima yake kwenye karatasi, na mvua inaendelea kuingia. Nalo lilikuwa tupu miaka mingi. Mwishoni lilikuwa mikononi mwa kampuni ya kuendeleza majengo kutoka Ohio, iliyokuwa na mipango ya kuufufua mtaa ule. Siitilii shaka nia yao. Nasema mipango ilikuwa mezani na jengo lilikuwa halina mtu.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kuikubali hoja ya kimbunga. Tarehe 29 Agosti 2005, siku ile ile na mwezi ule ule, miaka 16 kabla, New Orleans ilipigwa na kimbunga Katrina, na sehemu kubwa ya mji ikakaa chini ya maji. Duka la Karnofsky lilibaki limesimama. Kilichobadilika kati ya 2005 na 2021 ni ukuta wenyewe.

Niruhusuni niseme ninachokijua kwa macho. Nyumba ya babu yetu iko Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya mawe na chokaa, sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikandaa. Bibi alipofariki, chumba chake cha juu kikafungwa, ufunguo ukakaa kwa baba mkubwa, na kila mtu akawa na heshima ya kutokiuliza. Mwaka wa tatu tukakifungua. Tundu la bati lilikuwa dogo kuliko sarafu. Fundi akachukua msumari, akauweka kwenye kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, akausukuma kwa kidole gumba. Ukazama wote, bila nyundo, kama anachoma muhogo uliopikwa. Upande wa pili wa ukuta huo huo, chumba alichokuwa akilala shangazi, boriti ilikuwa ngumu kama chuma. Bati lile lile, mvua ile ile. Lakini kwa shangazi, tone likidondoka kwenye godoro usiku, asubuhi kuna mtu juu ya paa na lami. Chumba chenye mtu hulalamika. Kilichofungwa hufa kimya.

Ndiyo maana nikisikia "kimbunga" namkumbuka fundi yule. Upepo ulikuta kazi imekwisha kufanywa.

Tena New Orleans haikuanzia hapo. Nyumba aliyozaliwa Armstrong, katika kichochoro cha Jane Alley, ilivunjwa mwaka 1964 kupisha majengo ya jiji. Uangalieni mwaka huo vizuri: ndio mwaka ambao wimbo wake uliwaondoa Beatles kileleni Marekani, yeye akiwa na miaka 62. Na ndio wakati ambao alikuwa hapigi muziki mjini kwao, kwa sababu Louisiana ilipitisha sheria mwaka 1956 ya kuzuia watu weusi na weupe kupiga muziki pamoja jukwaani, na bendi yake ilikuwa ya mchanganyiko. Alirudi kupiga pale mwaka 1965, nyumba haipo. Leo mji una bustani yenye jina lake na uwanja wa ndege wenye jina lake. Kubandika jina ni rahisi. Kubadilisha boriti ndiko kunakotaka fedha.

Linganisheni na Queens, New York. Nyumba ya kawaida kabisa katika mtaa wa wafanyakazi, ilinunuliwa 1943, Armstrong akafia humo 1971. Mkewe Lucille aliendelea kukaa humo mpaka alipofariki 1983, na nyumba ikaachiwa jiji. Ikafunguliwa kama makumbusho 2003. Ukiingia jikoni makabati ya buluu bado yanang'aa. Nyumba ile ilivushwa na mke aliyebaki ndani akipika na kufagia, mpaka wenye makumbusho wakaja kuipokea.

Rai yangu, kwa hiyo: nyumba ikishatangazwa kuwa ya urithi, mwenye nyumba alazimishwe mambo mawili tu, paa lisivuje na ndani pawe na mtu. Awe mpangaji, awe muuza kahawa, awe fundi cherehani. Asiyeweza apewe msaada wa umma. Asiyetaka auze kwa anayetaka. Kibao cha shaba ukutani kije baadaye.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Ndugu mmoja amesema Armstrong si mali ya duka, ni mali ya santuri, na santuri zipo, kwa hiyo matofali hayana hasara. Kaka, nakuheshimu, lakini santuri inakupa Armstrong aliyekwisha kuwa Armstrong. Haikupi mtoto mweusi wa mtaa wa mafukara anayekaribishwa kula na wahamiaji ambao nao walidharauliwa na wakubwa wa mji. Hilo lilikuwa na mahali pake. Ukimpeleka mwanafunzi mbele ya mlango ule na kumwambia "dola mbili zilitoka kwa watu wa nyumba hii", ataelewa kitu ambacho sikio peke yake halimpi.

Dada mwingine kauliza: kwa nini mali ya mtu ipangiwe matumizi? Swali hili ni zito na sitalipita juu juu. Nimeliona hata kwetu: mrithi ana nyumba ya urithi, hana senti, na kila chokaa anachotaka kupaka anaambiwa subiri kibali. Kumbana bila kumsaidia ni kumdhulumu, nakubali kabisa. Lakini mwenye mali mwenye uwezo, anayenunua jengo kwa ajili ya jina lake la kihistoria, ameshanunua na deni lililo ndani yake.

Wapo waliotaja Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la huku kwetu Zanzibar, iliyoporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 huku mafundi wakiwa kazini, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Jengo la 1883, lilifungwa kwa wageni miaka kadhaa kabla ya kuanguka. Ilikuwa miezi minane tu kabla ya Karnofsky, na niliposikia habari ya New Orleans nililia machozi yale yale. Kwa upande mwingine, tazameni ile nyumba ya Shangani inayotajwa kuwa ya kina Bulsara, wazazi wa mwimbaji Freddie Mercury. Watu wanabishana mpaka leo kama ni yenyewe au si yenyewe, lakini tangu 2019 ina makumbusho, watu wanaingia na kutoka, na paa likivuja litaonekana.

La mwisho ni kwa mnaotaka duka la Karnofsky lijengwe tena kwa matofali yaliyookolewa. Mimi nipo kinyume, ingawa moyo unauma kusema hivyo. Hatua chache kutoka pale, mtaa ule ule, Ida iliiacha Iroquois Theater, ukumbi wa maonyesho ambako Armstrong mdogo alishinda shindano la vipaji baada ya kuutumbukiza uso kwenye unga. Iliiacha na Eagle Saloon, baa ya zamani kwenye kona ya mtaa wa Perdido, kona ile ile alikokamatwa kwa kupiga bastola hewani mkesha wa mwaka mpya wa 1913, akapelekwa kwenye nyumba ya watoto watukutu ambako alifundishwa koneti sawasawa. Fedha ya kujenga nakala ya nyumba iliyokufa ningeitia kwenye hizi mbili, kuanzia paani. Mnaoona vinginevyo, niambieni: mngeanzia wapi, na ufunguo mngempa nani?