Nimelipa laki na ishirini niuze vitanda, wameniandika muuza MAJENEZA!

Mzee wa Randa (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnisamehe. Hazijapita dakika arobaini tangu simu ikatwe. Na si mimi niliyekata. NIMEKATIWA.

Kuna hii kampuni ya kuorodhesha biashara mtandaoni. Siitaji. Mnaijua. Wale vijana wenye tai fupi na begi la mgongoni wanaopita duka kwa duka, karakana kwa karakana: "Mzee, dunia imehamia mtandaoni, wewe bado na kibao cha bati?" Hao hao. Kama hawajafika kwako, wako njiani.

Mimi ni seremala. Niko Keko mwaka wa ishirini na mbili huu. Kitanda, kabati la nguo, kabati la vyombo, meza ya kulia, fremu za makochi. Kuna watoto walizaliwa juu ya vitanda vyangu, leo wanakuja wenyewe kuagiza vyao.

Dogo kaja mwezi wa tatu. Kakaa kwenye benchi langu, kanywa chai yangu, kala chapati zangu mbili. Kapiga picha karakana. Kapiga picha kibao cha anwani za makazi tulichobandikiwa ile 2022, namba inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kaniuliza, "Unatengeneza nini hasa?" Nikamwambia VITANDA. Kaandika, namwona kwa macho yangu anaandika. Laki na ishirini kwa mwaka mzima, nikamtumia kwenye simu hapo hapo. Risiti ya EFD mpaka leo sijaiona, ila kwa hilo leo sina nguvu.

Wiki mbili kimya. Halafu simu zikaanza.

Ya kwanza saa kumi na moja alfajiri. Mama analia, wakuu, kilio chenyewe hasa. "Baba, mzee ametutoka usiku huu. Tunataka la futi sita na nusu, lenye kioo juu. Mbagala mnafika?" Nikajua kakosea namba. Nikampa pole, nikakaa pale ukingoni mwa kitanda nimeshika simu, usingizi umekwisha. Saa mbili ikaja ya pili. Mchana ya tatu, brashi ya vanishi iko mkononi, huyo anauliza kama na gari la kubebea ninalo.

Ndipo kijana wangu anayepiga msasa akaingia kwenye mtandao wao. Jina langu sawa. Namba yangu sawa. Picha ni kitanda changu cha mninga, sita kwa sita, kile chenye maua ya kuchonga kichwani, nilichokesha nacho siku nne. Na juu ya picha, kwenye aina ya biashara: MAJENEZA NA HUDUMA ZA MSIBA.

Nimepiga simu kwao mara kumi na moja. Leo ndiyo kapokea dogo mwenyewe. Nikamweleza taratibu, kama baba na mwanawe. Kanisikiliza mpaka mwisho. Halafu kasema:

"Sasa mzee, mbao si mbao tu?"

MBAO SI MBAO TU! Nyuma yake nasikia wenzake wanacheka. Akakata.

Sasa hivi nikikohoa tu mtaani watu wanauliza mazishi saa ngapi. Mwenyekiti wa jumuiya kaniita pembeni kuniuliza kama nitakuwa natoa punguzo kwa wanajumuiya. Kulikuwa na binti kaweka oda ya kitanda cha harusi, advansi laki tatu. Mama mkwe wake kaingia mtandaoni atafute njia ya kufika, kakuta lile neno. Kesho yake wamekuja wote wawili, mama kasimama nje ya mlango, hakutaka hata kukanyaga takataka za randa. "Mwanangu halali kwenye kitanda cha muuza majeneza." Laki tatu nimerudisha, na kitanda kiko hapa, kimeshachongwa jina lao.

Sidharau wanaotengeneza majeneza. Ni kazi ya heshima, na kila mmoja wetu ataihitaji. Lakini mimi si kazi yangu! Mama wa watu kafiwa alfajiri, anahangaika, anaangukia kwangu, namrudisha patupu. Na yeye kakosewa, si mimi peke yangu. Halafu mtu kala chapati zangu mbili ananiambia mbao si mbao tu?

Tumbo Joto

Mkuu, tatizo liko wapi hapo? Kitanda mtu ananunua mara moja kwa miaka kumi na tano. Umeletewa wateja wasioomba kukopa, wewe unalia.

Mama Kachori

Acheni kucheka jamani, mwenzenu kaumia. Pole kaka yangu.

Wale wale mimi walinitia baharini. Kabisa! Naishi Kigamboni, nauza kachori na sambusa za oda. Alama yangu kwenye ramani waliiweka katikati ya maji, pale kivuko kinapopita. Mteja kamtuma bodaboda achukue sambusa mia moja za kitchen party. Boda kafuata ramani mpaka feri, kanipigia: "Mama, simu inasema bado mita mia nne, nakwenda mbele. Niogelee?"

Chuma cha Pua

Chai hii. Nani anaamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta jeneza mtandaoni?

Mzee wa Randa

Chuma cha Pua, aliyefiwa! Msiba una ratiba? Njoo Keko nikuoneshe simu, namba zote nimezihifadhi. Niandike chai nimelogwa? Mtu kaniambia MBAO SI MBAO TU, mimi, niliyeanza kuijua mninga na mkongo kwa kunusa kabla yeye hajazaliwa!

Msomi wa Mwenge

Mkuu pole, ila hiyo laki na ishirini uliitupa. Kujisajili kwenye ramani za Google ni BURE. Tangu enzi zile wanaiita Google My Business mpaka 2021 walipobadilisha jina, haijawahi kuwa ya kulipia. Unaingia na akaunti yako, unaandika jina, unachagua mwenyewe aina ya biashara, unahakikiwa. Siku hizi mara nyingi wanataka video: uoneshe barabara, kibao, na ndani zana zako. Wewe ungewaonesha randa na patasi, kwisha habari. WhatsApp ya biashara nayo ni bure na ina sehemu ya kupanga bidhaa kwa picha.

Lingine uangalie haraka: hizi orodha zinanakiliana. Moja ikiandika majeneza, nyingine inachukua hivyo hivyo. Tafuta namba yako ya simu mtandaoni uone iko wapi na wapi. Anza kusahihisha ilikoanzia, la sivyo utafuta leo, kesho inarudi.

Mzee wa Randa

Msomi, asante sana. Nimetafuta sasa hivi. Iko sehemu NNE. Moja wameniongezea "tunafungua saa 24".

Tumbo Joto

😂😂😂 Saa 24! Nimeachia kikombe cha uji.

Wakili wa Kijiweni

Wakuu tusicheke tu. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023. Jina na namba yako ni taarifa zako, una haki ya kudai zirekebishwe. Usipige simu tena, ANDIKA. Weka tarehe, ambatanisha picha ya ukurasa wao na ujumbe wa muamala wa laki na ishirini. Wakikaa kimya, peleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Simu kumi na moja haziachi ushahidi, barua moja inaacha.

Chuma cha Pua

Wakili, yeye ni seremala, wewe unamtuma mahakamani. Mzee wa watu atafia kwenye benchi la karani.

Tumbo Joto

Akifia huko jeneza analo 😂

Mama Kachori

Tumbo Joto una roho mbaya wewe.

Dalali Mstaafu

Vijana, sisi wa enzi za simu za mezani tulikuwa na kitabu cha simu, kinene kama tofali, nyuma kurasa za njano za biashara. Ukiandikwa mule umeandikwa, kosa lako linakaa mpaka kitabu kingine kitoke. Nilikuwa na rafiki Mtaa wa Swahili, muuza baiskeli, walimkosea tarakimu moja. Simu zake zote zikawa zinaingia kwa daktari wa meno. Daktari akaja dukani mwenyewe kumwomba ahamie namba nyingine.

Binti Makorora

Samahani mleta mada, msiba wako umeuelezea vizuri, sasa na mimi niseme wangu. NYIE MAFUNDI WA KEKO! Niliagiza kabati la milango mitatu, nimelipa nusu, nikaambiwa wiki mbili. Imepita Pasaka, imepita Idi, imepita na sherehe niliyokuwa nalinunulia. Kila nikipiga: "Dada, limebaki vanishi tu." Miezi mitano ya vanishi? Nimekwenda bila kupiga simu, nimekuta kabati langu lina milango miwili na ndani fundi kaweka sufuria ya ugali na nguo za kazi!

Kiberiti cha Mwisho

Dada Makorora umenena. Wangu kaniambia umeme umekatika. Nikamwambia mbona kwako naona taa? Kasema umekatika ule wa mashine.

Mzee wa Randa

Binti, kama si mimi basi usinitie kapu moja nao. Mbao ikiwa mbichi fundi mkweli anasubiri ikauke, ukiharakisha mlango unajipinda ukaanza kulalamika. Mimi kuchelewa kwangu ni kwa sababu hiyo tu. Lakini mada si vanishi. Mada ni kwamba mtu kaniambia mbao si mbao tu, na wenzake wakacheka.

Binti Makorora

Kwa hiyo huwa unachelewa! Kajitaja mwenyewe, wakuu mmeona.

Mvua za Vuli

Yote tisa. Kumi ni hawa wanaouza mtandaoni halafu bei hawaweki. Picha kumi na mbili, kitanda kimepigwa kulia, kushoto, kutoka juu, chini ya uvungu. Ukiuliza bei: "Njoo DM mpenzi." Bei ni siri ya ndoa?

Kiberiti cha Mwisho

Ukienda DM anakuuliza "uko wapi?" kwanza. Ukisema Masaki kitanda milioni. Ukisema Manzese laki nne.

Mama Kachori

Sasa jamani na nyie mnaelewa kweli biashara? Nikiweka bei wazi, jirani yangu anashusha shilingi hamsini siku hiyo hiyo. Na picha ni yangu, kachukua ukurasani kwangu! Mkono unaoonekana umeshika sahani ni mkono WANGU, pete yangu, hina yangu.

Mvua za Vuli

Mama Kachori kumbe na wewe ni njoo DM!

Mama Kachori

Sijasema hivyo.

Chuma cha Pua

Nyota je? Nilifungua kinyozi Tabata, siku ya tatu nikapigwa nyota moja: "Kaninyoa vibaya." Jina nalijua, ni shemeji yangu, ana upara tangu shule ya msingi.

Mangi wa Kona

Turudi kwenye mbao kidogo. Mleta mada, mninga na mkongo kipi unashauri? Naona wengi wanauza hizi za kubandika, maji yakimwagika tu inavimba kama andazi.

Mzee wa Randa

Mangi, hapo umeuliza swali la maana. Mninga. Haijipindi ovyo, mchwa hauipendi, ukiipaka vanishi mistari yake inatoka yenyewe. Mkongo ni mgumu na mzito, mzuri sana kwa milango, ila kitanda chake utatafuta watu wanne siku ya kuhama. Wengine wanachukua paini za Sao Hill, Mufindi, wanapaka rangi ya mninga wanakuuzia kwa bei ya mninga. Kwaruza kwa ukucha nyuma ya mguu wa kitanda, pale wanapodhani hutaangalia. Paini utaona weupe. Mbao si mbao tu, na ndicho nilichotaka yule dogo akijue.

Na bei nasema wazi hapa hapa, sitaki DM ya mtu. Kile cha sita kwa sita chenye maua, laki nane na nusu. Kipo tayari. Majina mawili ya kichwani nitayapiga randa, haitabaki alama.

Mvua za Vuli

Kwanza nakupa tano kwa kuweka bei.

Dalali Mstaafu

Laki nane na nusu kwa mninga si mbaya. Ila kitanda kilichokataliwa na mama mkwe...

Binti Makorora

Kinafika lini? Mwaka gani?

Tumbo Joto

Mama Kachori, hivi kachori moja bei gani?

Mama Kachori

Mia tatu. Ukianza hamsini nakuletea na chatini ya ukwaju bure.

Mzee wa Randa

Wakuu, kuna mwenye namba ya bosi wao huyu dogo? Nimeandika barua kama alivyosema Wakili, sijui nipeleke wapi.

Tumbo Joto

Chatini ya nazi hamna?

Mama Kachori

Ya nazi ni oda ya siku moja kabla. Uko wapi?

Mvua za Vuli

Haya, kashaanza "uko wapi".

Tumbo Joto

Ilala Boma. Nikimtuma boda atapajua?

Mama Kachori

Akishuka feri anipigie. Ramani asiifuate.