Mrejesho: ile klachi imeishia gereji

Wakuu nimerudi, mimi ndo niliuliza kama naweza kubadili klachi mwenyewe hapa nyumbani Mikindani, gari ikipanda kilima injini inalia tu mwendo hakuna. Nilianza kweli na mdogo wangu tukafungua propela shafti (lile chuma refu linalotoka giaboksi kupeleka nguvu kwenye magurudumu), ila kushusha giaboksi juu ya mchanga na jeki moja nikaogopa, ikikuangukia kifuani ndo basi tena. Tukaivuta mpaka gereji Mtwara mjini. Fundi kushusha, kumbe sili ya nyuma ya injini (ile raba ya kuzuia oili isitoke) inavuja, pleti ya klachi imelowa oili chapachapa, yani ningeweka pleti mpya tu ingeteleza tena! Tumebadili pleti, presha pleti (inayoibana hiyo pleti), rilizi beringi (inayoiachia ukikanyaga klachi) na hiyo sili kwa pamoja. Juzi nimefika Lindi freshi kabisa. Mlionionya kuhusu jeki asanteni sana.