Karata za bridge za Jumamosi, Milimani Kisumu

[19:42] Mama Akinyi: Hamjambo. Mpinzani kafungua 2♥ (ahadi ya triki, yaani mizunguko, 8 kopa zikiwa turufu), mwenzangu kapiga dabo (kuzidisha alama maradufu), wa kulia kapasi. Nina ♠74 ♥963 ♦Q52 ♣J8642. Pointi 3 tu (A ni 4, K 3, Q 2, J 1). Si nipasi?

[19:44] Mwalimu: Usipasi, dada! Dabo hiyo inakuomba utaje rangi. Ukinyamaza na 2♥ zitimie, wanazoa 470, au 670 wakiwa valnarabo (hali ambamo bonasi na adhabu ni kubwa zaidi). Kwa kopa 963 humzuii mtu.

[19:45] Mama Akinyi: Basi 3♣?

[19:48] Baba Wafula: Hapana shemeji. Aliyepiga dabo ameshakuhesabia kama pointi 7. 3♣ ya moja kwa moja ni ya 8 hadi 11. Chini ya hapo taja 2 bila turufu. Ndiyo mbinu iitwayo Lebensohl: mwenzako anataja 3♣, wewe unapasi. Rangi yako ikiwa uru, unahamia 3♦ naye anaacha hapo.

[19:50] Mwalimu: Badilisha karata mbili uone: ♦K52 ♣AJ864. Sasa ni 8, taja 3♣ papo hapo. Mwenzako atajua kuna kitu, gemu (mkataba wenye bonasi kubwa) atalitafuta yeye.

[19:51] Otis: Na shupaza?

[19:52] Baba Wafula: Ziko juu ya kopa, hazihitaji kuzunguka. 2♠ ni 0–7, 3♠ ni 8–11, zaidi ya hapo 4♠.

[19:54] Otis: Mwenzangu akisahau, apasi 2BT (2 bila turufu)?

[19:57] Mwalimu: Mmeumia. Unatafuta triki 8 bila turufu na pointi 3, na hata njia ya kufikia zile pau huna. Andikeni kwenye kadi yenu ya mbinu, na wapinzani waarifiwe. Ila mwenye dabo akiwa mzito sana, pointi 19 hivi, hataji 3♣, anataja rangi yake.

[19:59] Mama Akinyi: Kwa hivyo kupasi hakupo kabisa?

[20:00] Baba Wafula: Kupo, ukishika kitu kama ♥KQ1092. Mnahitaji triki 6 kuwaangusha. Pasi ya nguvu, si ya woga.

[20:02] Otis: Wakianza na 3♠, mwenzangu apige dabo?

[20:03] Mwalimu: 2BT imeshapitwa, Lebensohl haipo. Kopa 4 na pointi 2? 4♥ tu. 3BT inataka kizuizi cha shupaza (karata ya kusimamisha shupaza zao) na pointi za kweli.

[20:05] Mama Akinyi: Sawa. Yangu: 2BT, 3♣, pasi.

[20:06] Mwalimu: Ndivyo. Na uitaje 2BT kwa mwendo uleule wa siku zote. Ukisita, mwenzako hana ruhusa ya kutumia kusita kwako, na wapinzani wana haki ya kumwita mwamuzi.